Namna ya kusikika kwenye bodi za usonji (autism) hapa Massachusetts

Mzazi mwenzangu akinipigia simu kuniuliza aanzie wapi, swali langu la kwanza huwa hili: shida yako inamhusu mtoto wako peke yake, au inawahusu watoto wote walio kama yeye? Jibu ndilo linaloonyesha mlango wa kubisha.

Mtoto wako akinyimwa saa za tiba ya usemi zilizoandikwa kwenye IEP yake, yaani mpango wake binafsi wa elimu maalumu shuleni, hilo ni la timu ya IEP. Andika barua, omba kikao, na wakikuzungusha peleka malalamiko rasmi jimboni. Ukilipeleka kwenye bodi ya ushauri watakupa pole, watakuelekeza kwingine, na muda utakuwa umepita. Lakini ukiona kwamba wazazi wengi mjini kwenu wanalia kilio kimoja, kwamba vijana wakifika miaka 22, huduma za shule zikikoma, wanarudi kukaa sebuleni, au kwamba fomu haziji kwa lugha yoyote tunayoisoma, hapo bodi ndiyo mahali pake.

Naishi kaskazini mwa Boston, nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, na kijana wangu ana miaka 16. Haya ninayoyaeleza ni ya jimbo hili. Majimbo mengine ya Marekani yana mabaraza yake na sheria zake, ingawa mengi ya hapa chini yatakufaa hata ukiwa Ohio au Texas.

Kwanza jua nani anakaa wapi

Mlango wa karibu kabisa uko mjini kwako. Sheria ya Massachusetts inaitaka kila wilaya ya shule iwe na baraza la ushauri la wazazi wa watoto wa elimu maalumu. Wengi wanaliita SEPAC. Uanachama uko wazi kwa kila mzazi mwenye mtoto mwenye ulemavu. Sheria inasema baraza hili liishauri kamati ya shule juu ya elimu na usalama wa watoto wetu, na likutane mara kwa mara na viongozi wa shule kupanga na kupima programu. Wilaya inatakiwa pia iandae, kwa kushirikiana na baraza, angalau semina moja kila mwaka kuhusu haki za wazazi na wanafunzi. Kama hujawahi kusikia semina hiyo ikitangazwa, uliza. Swali hilo peke yake huwaamsha watu.

Kuna miji ambayo SEPAC imebaki jina tu, ina wazazi wawili waliochoka na barua pepe isiyojibiwa. Usikate tamaa ukikuta hivyo. Baraza dogo lina faida moja kubwa: ukiingia leo, mwezi ujao unaweza kuwa katibu.

Mlango wa pili ni Tume ya Usonji ya jimbo. Hii ni ya kudumu kwa mujibu wa sheria ya 2014, na iko chini ya ofisi ya waziri wa afya na huduma za jamii wa jimbo. Mezani hukaa wakuu wa idara za serikali pamoja na wajumbe kutoka kwenye familia, watu wenye usonji wenyewe, na wataalamu. Kazi yake ni kuzifanya idara hizo ziache kurushiana mpira, kwa sababu mtu mmoja mwenye usonji anaguswa na shule, bima, idara ya ajira, nyumba na polisi kwa wakati mmoja, na kila ofisi ina fomu yake. Tume ina kamati ndogo zinazogawana kazi. Kwa mzazi wa kawaida, kamati ndogo ndiyo pazuri pa kuanzia. Watu ni wachache na mazungumzo ni marefu, na pendekezo linaandikwa hapo kabla ya kupanda juu.

Ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 3 aliye kwenye huduma za mapema za watoto wadogo wenye ucheleweshi au ulemavu (Early Intervention), kuna baraza jingine la jimbo linalotoa ushauri juu ya huduma hizo. Sheria ya taifa inataka angalau asilimia 20 ya wajumbe wake wawe wazazi. Kwa elimu maalumu ya jimbo zima kuna jopo la ushauri pia, na humo sheria ya taifa, IDEA, inataka walio wengi wawe wazazi wa watoto wenye ulemavu au watu wenye ulemavu wenyewe. Soma tena hapo: walio wengi. Viti hivyo vimewekwa kwa ajili yetu, na sisi ndio tusiovikalia.

Juu kabisa, Washington, iko kamati ya taifa inayoratibu mambo ya usonji, IACC, iliyoanza kwa sheria ya mwaka 2000 na kuongezewa uhai mara kadhaa, mara ya mwisho Desemba 2024. Inapokea maoni ya wananchi kwa maandishi na kwa mdomo. Itumie kwa mambo ya utafiti na sera ya taifa. Basi la shule lisilofika halitatatuliwa huko.

Nguvu ya kushauri

Najua mnachokiwaza: bodi ya ushauri haina meno, inashauri tu. Nitawapa mfano wa hapa hapa. Zamani DDS, idara ya jimbo ya watu wenye ulemavu wa akili na wa ukuaji, ilikuwa ikiwahudumia watu wazima kwa kupima akili (IQ). Kijana mwenye usonji aliyepata zaidi ya 70 kwenye kipimo hicho aliachwa nje, hata kama hawezi kupanda basi peke yake, kupika wala kushika kazi bila msaada. Tume ya mwanzo, iliyokuwa ya muda, ilikusanya ushuhuda wa familia na kutoa mapendekezo. Agosti 2014 Gavana Deval Patrick akatia saini sheria iliyofungua mlango wa DDS kwa watu hao, ikaitaka MassHealth, bima ya afya ya serikali ya jimbo, igharamie tiba ya tabia iitwayo ABA na vifaa vya mawasiliano kwa walio chini ya miaka 21, na ikaifanya tume yenyewe iwe ya kudumu. Kijana wangu anazungumza kwa kugusa picha na maneno kwenye kompyuta kibao. Yapo maneno ya wazazi nisiowajua nyuma ya kifaa kile.

Kwa hiyo msiniambie kusema hakusaidii. Kinachotakiwa ni kusema kwa namna ambayo haiwezi kupotea.

Kabla ya kikao

Tafuta tangazo. Bodi za serikali ya jimbo na kamati za shule zinabanwa na sheria ya vikao vya wazi: tangazo lenye ajenda litolewe saa 48 kabla, bila kuhesabu Jumamosi, Jumapili na sikukuu. Ya jimbo yanapatikana kwenye tovuti ya serikali, ya shule kwenye tovuti ya mji au wilaya. Saa 48 ni chache kwa mtu wa shifti. Mwandikie katibu barua pepe sasa, umwombe akuweke kwenye orodha ya wanaotumiwa ratiba ya mwaka. Ukishaipata, omba ruhusa kazini mapema au badilishana zamu. Tangu 2020 vikao vingi unaweza kuvifuatilia kwa intaneti, na mimi nimehudhuria vingine nikiwa kwenye gari nje ya kazi, simu imeegemezwa kwenye usukani.

Kisha soma kumbukumbu za vikao viwili au vitatu vilivyopita. Usisome kila neno. Angalia majina ya wanaozungumza sana, angalia jambo gani linarudi kila mara bila kumalizika, na angalia kama kuna mtu ameshalisema lako. Akiwepo, mtafute. Wazazi wawili wasiofahamiana wakisema jambo moja, bodi inaandika. Mmoja akisema peke yake, bodi inamshukuru.

Mkalimani mwombe kwa maandishi, wiki mbili kabla kama unaweza. Ofisi inayopokea pesa za serikali ya taifa inawajibika kuwasaidia wasiojua Kiingereza vizuri, kwa sheria ya haki za kiraia ya 1964, wala hutakiwi kulipa. Hapa niwaombe jambo moja ambalo ofisi hazilijui: taja Kiswahili chako. Mama mmoja wa Bukavu, tunayesali naye, alipewa mkalimani wa simu aliyezungumza Kiswahili cha Dar es Salaam, naye amezoea Kiswahili cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa. Alitikisa kichwa muda wote kwa heshima, na hakuna alichokipata. Sasa anaandika waziwazi kwenye ombi lake: Kiswahili cha Kongo. Mtumie mkalimani maneno yako siku moja kabla, hasa majina ya huduma na vifupisho, ili asikisie. Na usimtumie mtoto wako mwingine kuwa mkalimani. Binti wa miaka 12 hapaswi kutafsiri mbele ya watu habari za kaka yake kujichafua.

Dakika mbili zako

Muda wa mwananchi kuzungumza mara nyingi ni dakika mbili au tatu, na mwenyekiti ndiye anayeruhusu. Sisi tumelelewa kuanza na salamu, kuuliza hali, kushukuru, kueleza tulikotoka, ndipo tufike kwenye neno. Kwetu hiyo ni adabu. Kwenye bodi ni dakika moja na nusu imekwisha na ombi halijatoka mdomoni. Ombi litangulie, salamu iwe neno moja.

Nitawapa maneno niliyoyapeleka mimi kuhusu magari madogo ya shule. Kijana wangu alikuwa akipanda kila asubuhi na mwangalizi mmoja aliyemzoea. Siku moja mlango ukafunguliwa, ndani kuna mtu mwingine, na hakuna aliyetuambia. Akakaa chini kwenye theluji, hakupanda. Ilikuwa hivyo wiki nzima. Nilikuwa nimetoka kazini asubuhi hiyo, miguu imevimba, nimesimama naye njiani na dereva anapiga honi. Ningeweza kusimulia hayo yote, na yalikuwa yananichoma. Lakini nilichosoma ni hiki:

"Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa elimu maalumu mjini hapa. Naomba baraza lipendekeze kwa kamati ya shule kwamba mkataba wa usafiri uilazimishe kampuni kuzijulisha familia siku moja kabla ya kubadilisha dereva au mwangalizi, kwa ujumbe wa simu, kwa lugha ya nyumbani, ukiwa na jina na picha ya mtu mpya. Mtoto mwenye usonji akikutana na mgeni bila kuandaliwa anaweza kukataa kupanda, akakosa masomo, na mzazi akakosa kazi. Sheria ya jimbo ya 2006 inaitaka timu ya IEP izingatie ugumu wa mtoto mwenye usonji kupokea mabadiliko. Usafiri ni sehemu ya siku yake ya shule. Naomba ombi hili liingizwe kwenye kumbukumbu na liwekwe kwenye ajenda ya kikao kijacho. Nakala nimempa katibu."

Tazameni kilichomo. Sentensi ya pili ndiyo ombi, na limetaja nani afanye nini. Bodi ya ushauri haina uwezo wa kuvunja mkataba, ina uwezo wa kupendekeza, kwa hiyo nimeomba pendekezo. Sheria imetajwa kwa jambo moja tu. Ile ya 2006 inataja maeneo kadhaa ambayo timu ya IEP lazima iyaangalie kwa mtoto mwenye usonji: mawasiliano, ujuzi wa kuchangamana, namna anavyopokea sauti, mwanga na mguso, mabadiliko, vitendo vya kurudiarudia, msaada wa tabia, na mengine yanayomzuia kuendelea shuleni. Ichapishe uiweke kwenye pochi. Itakusaidia pia kwenye kikao cha IEP. Na mwisho wa maneno yangu kuna mambo mawili ambayo katibu hawezi kuyaruka: kumbukumbu na ajenda.

Kijana wangu aliongeza lake. Alikuwa pembeni yangu na kifaa chake, na mwenyekiti, Mungu ambariki, alimuuliza kama angependa kusema. Akagusa vitufe taratibu, ukumbi wote ukasubiri: "Sitaki mtu mgeni kama sijaambiwa." Wangeweza kusahau sheria niliyoitaja, ila hilo hawakulisahau. Kama mwanao anaweza kusema, kuandika, kuchora au kugusa kifaa, na mwenyewe anataka, mpe nafasi. Asipotaka, usimlazimishe, na usimfanye kielelezo mbele za watu.

Yasiyopaswa kusemwa hadharani

Kikao cha wazi kinaweza kurekodiwa, na maneno yako yanaingia kwenye karatasi za umma. Usitaje jina la mtoto, dawa anazotumia, wala jina la mwalimu unayemlalamikia. Mambo ya choo, ya mwili wake na ya kifafa yaache nyumbani. Mtoto huyu atakuwa mtu mzima, na ana haki ya kutokutwa na habari zake za utotoni kwenye mtandao.

Wenye wasiwasi wa makaratasi ya uhamiaji nawaambia hivi. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Hilo lipo. Lakini kusimama mbele ya kamera si lazima. Tuma maoni kwa maandishi, au mpe mzazi mwingine ayasome, na barua isiwe na anwani ya nyumbani. Kuna wazazi wanaonipa maneno yao nami huyasoma kama "mzazi wa mjini hapa ameniomba niseme". Zungumza na mwanasheria wa uhamiaji kabla, wala usitegemee ushauri wa kikundi cha simu, hata wangu.

Baada ya kikao ndipo kazi ilipo

Usiku huo huo, au asubuhi yake ukiwa shifti, tuma barua pepe fupi kwa katibu na mwenyekiti: "Ahsante kwa kunisikiliza. Ombi langu lilikuwa hili. Nasubiri kuliona kwenye ajenda ijayo." Mistari mitatu inatosha. Kwa bodi zinazobanwa na sheria ya vikao vya wazi, ukiomba kumbukumbu unatakiwa kupewa ndani ya siku 10, hata kama bado ni rasimu. Zisome. Kama umeandikwa "mzazi alitoa maoni kuhusu usafiri" na ombi lenyewe halimo, andika kuomba nakala yako iambatanishwe.

Na rudi. Kikao cha pili unaweza usiwe na la kusema, kaa tu waone uso wako. Wanaoamua mambo wamezoea wazazi wanaokuja siku moja wakiwa wamekasirika na hawaonekani tena. Ombi letu la usafiri liliahirishwa, likarudi, likaahirishwa tena kwa sababu ya bajeti, na mzazi mwingine mwenye watoto wawili akalishika nilipokuwa kazini. Hatimaye mkurugenzi wa elimu maalumu aliiandikia kampuni, na sasa ujumbe unakuja jioni. Picha bado haiji. Lugha ni Kiingereza tu. Ombi la lugha tunaendelea nalo.

Wakati huo huo mpelekee nakala mwakilishi wako wa bunge la jimbo, pale Boston. Ofisi zao zina wasaidizi vijana wanaojibu barua pepe haraka kuliko idara yoyote, na bajeti ya huduma za watu wazima wenye usonji inapita kwao.

Kuomba kiti

Tunaomba kusikilizwa na wakati huo huo tunaogopa kukaa mezani. Nimesikia sababu zote: Kiingereza changu kibovu, sina elimu, wataniona mgeni. Na ile isiyosemwa kwa sauti, kwamba bado kuna nyumba zetu ambamo mtoto wa usonji hafikishwi sebuleni wageni wakija. Ndugu zangu, mtoto anayefichwa hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi fungu.

SEPAC haihitaji maombi makubwa: mwandikie mwenyekiti kwamba unataka uanachama na uulize kanuni zao zinasemaje kuhusu uchaguzi wa viongozi. Kwa bodi za jimbo, ofisi ya gavana ina ukurasa wa kuomba kuteuliwa kwenye bodi na tume. Utajaza fomu, utaambatanisha wasifu wako na barua. Kwenye barua usijieleze kama mwenye shida. Eleza unachokijua: umri wa mtoto na huduma alizopitia, lugha unazozungumza, jamii unayoweza kuifikia, kanisa au msikiti unaoweza kuwaalika watu, na kazi yako. Kama unahudumia watu wenye ulemavu kwa mshahara, kama wengi wetu tunavyofanya kwenye nyumba za makazi, andika hilo kwanza, maana unaijua huduma kutoka pande mbili, na wajumbe wa namna hiyo ni wachache mno. Uliza pia kabla hujakubali: vikao ni saa ngapi, vinaingiwa kwa intaneti au la, na kama wanarudisha gharama za nauli na za mtu wa kubaki na mtoto.

Wenye vijana wa miaka 14 hadi 22, anzeni na kamati ndogo ya tume inayoshughulikia umri huo. Huduma za shule hapa zinakoma siku anapotimiza miaka 22, na maombi ya huduma za watu wazima, kwa sheria inayoitwa 688, yanatakiwa yapelekwe na shule angalau miaka miwili kabla hajamaliza. Kwenye kikao kijacho cha IEP uliza hivi, na jibu liandikwe: maombi ya 688 yatapelekwa tarehe ngapi, kwa idara gani, na nani ameyakabidhiwa?